Usidhani amekufa: Konokono wa mwambani amefunga mlango tu

KAMA umewahi kufika Mombasa na jioni ukapelekwa Lighthouse, kule barabara ya Mama Ngina, bila shaka unakumbuka mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, unakumbuka mibuyu mikongwe, na unakumbuka meli kubwa zinazopita karibu mno na ufuo zikielekea bandari ya Kilindini. Watu huketi ukingoni mwa jabali, nchi kavu wameipa kisogo na macho yote yako baharini. Ni wachache sana wanaoinamisha shingo na kulitazama jabali lenyewe.

Leo nakuomba, ndugu msomaji, uiname nami kidogo. Jabali hilo, pamoja na mengine mengi ya mwambao wetu, zamani lilikuwa mwamba hai wa matumbawe chini ya maji. Hiyo ilikuwa yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo. Maji yaliposhuka, matumbawe yakaachwa juani, yakawa jiwe lenye mashimo, nyufa na ncha kali kama wembe. Ukilitazama upesi utasema ni jiwe tupu. Litazame tena, hasa katika nyufa za juu, pale ambapo wimbi hufika kwa nadra, na utaona vitu kama punje za pilipili manga vimebandikwa. Vingine ni vikubwa kama kokwa la zambarau.

Punje hizo ni konokono, na wako hai.

Naisisitiza kauli hiyo kwa sababu ya jambo nililoliona ndani ya basi la usiku lililokuwa likirudi Nairobi mwisho wa likizo ya Desemba. Mvulana wa miaka minane au tisa alikuwa amepakata chupa ya plastiki iliyojaa makombe madogo madogo. Alikuwa ametia na maji ya bahari kidogo ili yang'ae. Tulipofika Mtito Andei, taa za basi zikawashwa watu washuke wakajinyooshe, na mama yake akaitazama ile chupa.

"Baba, hivi ni vitu gani vinatembea humu?"

"Ni makombe tu, mama. Yalikuwa yamekufa. Niliyabandua kwenye jiwe yakiwa makavu kabisa."

Yalikuwa hayajafa. Konokono wapatao 30 walikuwa wamefungua milango yao na kuanza kupanda ukuta wa chupa, wengine wamefika shingoni, wakisukumana kuelekea kifunikoni kama abiria wa matatu saa ya kwenda kazini. Wakati huo bahari ilikuwa nyuma yetu zaidi ya kilomita 200, na basi halirudi nyuma kwa ajili ya konokono. Mtoto hakulala tena. Alishikilia chupa mkononi mpaka Nairobi, akiuliza kila mara kama chumvi ya jikoni ikitiwa kwenye maji ya mfereji itatosha. Haitoshi.

Mtoto yule hakuwa mtundu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba konokono wa mwambani, anapokauka na kunyamaza, huwa hajafa. Anangoja.

Ukoo wa watu wa mpakani

Konokono ninaowazungumzia ni wa ukoo ambao wataalamu huuita Littorinidae, jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya ufuo. Wana ndugu karibu kila pwani yenye mawe duniani. Huku kwetu utawapata kwenye majabali na pia kwenye mikoko. Kazi yao ni ngumu: wanaishi mahali ambapo si baharini wala si nchi kavu. Samaki akitoka majini hufa, na konokono wa shambani akitumbukia baharini hufa. Huyu amejifunza kuishi katikati.

Ili umwelewe, kwanza uyaelewe maji. Mombasa maji hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa inaweza kupita mita 3. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hupungua sana, ikawa mita 1 hivi. Hebu basi jiweke katika nafasi ya konokono aliyejibandika juu kabisa ya jabali. Siku za bamvua atalowa. Siku za maji mafu hatapata ila marashi ya wimbi, tena upepo ukipenda. Anaweza kukaa siku nyingi mfululizo bila kuguswa na maji, juu ya jiwe ambalo saa saba mchana huwezi kuliwekea unyayo mtupu.

Hufanya nini? Kwanza hufunga mlango. Mguuni ana kifuniko chembamba cha rangi ya kahawia, kigumu kama ukucha, ambacho huziba mdomo wa gamba sawasawa anapojikunja ndani. Unyevu aliokuwa nao hubaki humo humo. Pili, kabla ya kujifungia, hutoa ute ambao ukikauka huwa gundi, na gundi hiyo huushika mdomo wa gamba kwenye jiwe. Kwa hivyo mguu wote umo ndani, haugusi jiwe la moto, na mnyama ananing'inia kwa ute wake mwenyewe. Ni ufundi wa hali ya juu. Na ndiyo maana mtoto akimgusa kidogo tu hubanduka kama kitu kilichokufa: hakuna mguu ulioshika jiwe, ni gundi iliyokauka tu.

Maji yakifika, au hata umande na mvua nyepesi, mlango hufunguka. Vipembe viwili hutokeza, kila kimoja na jicho dogo jeusi karibu na shina lake, na safari ya kutafuta chakula huanza. Chakula chenyewe hukioni. Ni utando mwembamba wa mimea midogo mno unaoota juu ya jiwe. Konokono huukwangua kwa ulimi ulio kama utepe, uliojaa safu kwa safu za meno. Ukitaka mfano wa karibu, fikiria mbuzi ya kukunia nazi, lakini mbuzi ambayo meno yake yakiisha makali mbele, mengine mapya husogea kutoka nyuma. Pamoja na utando, hukwangua na chembe za jiwe. Konokono mmoja hafanyi lolote la kuonekana, ila maelfu yao, pamoja na wakwanguaji wengine na mawimbi, ndio wanaolila jabali polepole kwa chini mpaka likawa na ule umbo wa mwavuli unaouona katika picha za posta.

Utamjuaje?

Lighthouse ni pazuri kwa kutazama ukiwa juu, lakini kwa familia yenye watoto sikushauri kushuka pale. Jabali ni la kukatika ghafla na wimbi halina adabu. Afadhali uvuke daraja la Nyali uende upande wa Mkomani, au upande wa kaskazini zaidi, mahali ambapo mawe hushuka taratibu hadi mchangani. Vaa raba, si ndara, kwani jiwe la matumbawe na magamba ya chaza hayasamehe unyayo.

Kisha shuka kutoka juu kwenda chini, hatua kwa hatua, ukitazama jinsi wakazi wanavyobadilika. Juu kabisa, kwenye jiwe kavu, ndiko kwake tunayemtafuta. Gamba lake lina ncha juu na tumbo la mviringo chini, mithili ya tone la maji au kitunguu kidogo kilichochongoka. Mdomo wa gamba ni wa mviringo, hauna meno, na chini yake hauna mfereji wala pengo lolote. Kumbuka hilo la pengo, maana litakufaa mbele. Rangi ni za kujificha: kijivu, kahawia, pengine na mistari au madoadoa yanayofanana na jiwe lenyewe.

Hatua chache chini yake utakutana na jirani anayewachanganya wengi. Huyu ni mnene, wa nusu mviringo, kama kifungo kikubwa cha koti, na ncha yake imelala karibu isionekane. Mgeuze kwa upole. Mdomo wake una umbo la herufi D, upande ulionyooka una meno, na kifuniko chake ni kigumu kama chokaa, si laini kama ukucha. Huyo ni wa jamii ya Nerita. Mmoja wao, Nerita textilis, ana gamba lenye mikunjo kama kamba zilizosukwa, nyeupe na nyeusi. Mwingine, Nerita plicata, ni mweupe mweupe wenye matuta.

Jamii hii imechunguzwa hapa hapa petu. Wanasayansi R. K. Ruwa na V. Jaccarini walichapisha mwaka wa 1986 na tena mwaka wa 1988 taarifa kuhusu aina 3 za Nerita katika majabali ya Mombasa, ile ya pili ikihusu Mkomani. Walieleza kwamba ukanda wanaokaa konokono hawa haubaki mahali pamoja bali husogea kufuata maji, na kwamba usiku huondoka mahali wanapopumzikia wakaenda malishoni. Kwa hivyo ukienda mchana ukawaona wamelala, usiwaite wavivu. Wewe ndiwe uliyefika saa za watu kulala. Mwanafunzi wa sekondari mwenye tochi, na mtu mzima wa kumsindikiza, anaweza kuyaona hayo kwa macho yake.

Chini zaidi, kwenye ukanda wa chaza waliogandamana na jiwe, kuna konokono wengine wenye gamba zito lenye vinundu. Sasa litafute lile pengo. Chini ya mdomo wa gamba lao utaona mfereji mdogo, na ndani yake hupita mrija wa kunusia mawindo. Hawa si walaji wa utando, ni walaji nyama. Humpanda chaza au konokono mwenzao, wakalainisha gamba lake kwa majimaji yao na kulitoboa taratibu kwa ulimi, kisha wakamla humo humo ndani. Ukiokota kombe ufukweni lenye tundu dogo la mviringo, safi kana kwamba limetobolewa na fundi, usidhani limetengenezwa kwa ajili ya mkufu wako. Hapo palikuwa na mauaji. Na sasa bila shaka unaelewa kwa nini rafiki yetu amekubali kukaa juu kwenye jua kali: maadui zake wengi wako chini, kwenye raha ya maji.

Kombe zuri lisiloguswa

Hapa naomba mzazi asome kwa makini. Tumesema kwamba konokono wa mwambani huonekana amekufa kumbe yu hai, na kosa hilo linamdhuru yeye. Yuko mwingine ambaye kosa hilo hilo linakudhuru wewe.

Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, watu hutembea mpaka kwenye mwamba wa nje, na huko chini ya mawe na mchangani hupatikana konokono wenye umbo la pia, ile pia ya watoto ya kuzungusha kwa kamba. Juu ni wapana, chini wamechongoka, na mdomo wao ni mwembamba kama ufa unaoteremka urefu wote wa gamba. Ni wazuri ajabu, wengine wamechorwa kama kitambaa cha kitenge. Ni wa jamii ya Conus. Huwinda kwa jino lililo kama mkuki mdogo wenye sumu, na aina kadhaa hula samaki. Yule aitwaye Conus geographus, ambaye anaishi katika bahari yetu pia, amewahi kuua watu katika nchi mbalimbali, na hadi leo hakuna dawa ya kuivunja sumu yake. Aliyechomwa hulazwa atulie na kukimbizwa hospitali mara moja, kwa kuwa hatari kubwa ni kupooza kwa misuli ya kupumulia.

Sisemi haya ili watoto wanyimwe bahari. Nasema kwamba kanuni ya nyumbani iwe moja tu: kombe lolote lenye umbo la pia haliokotwi, halitiwi mfukoni, halipewi mdogo wako achezee, hata likionekana tupu namna gani. Ajabu ni kwamba sumu ya ndugu yao mmoja, Conus magus wa bahari ya Pasifiki, ndiyo iliyowapa wataalamu dawa kali ya maumivu ambayo Marekani iliidhinisha mwaka wa 2004.

Na hata kombe ambalo ni tupu kweli, yaani mwenyewe alikwisha kufa, mara nyingi lina mpangaji. Kuna kaa ambaye tumbo lake ni laini, halina gamba, naye huishi maisha yake yote katika nyumba za kuazima. Akikua hutafuta kombe kubwa zaidi. Tukiyamaliza makombe ufukweni kwa kuyapanga sebuleni kando ya televisheni, huyu hukosa pa kuhamia. Katika hifadhi za baharini sheria imeshalisemea jambo hilo: Malindi na Watamu, zilizotengwa mwaka wa 1968, Mombasa ya mwaka wa 1986, na Kisite huko kusini. Humo hutakiwi kuondoka na kombe lolote, lililo hai au lililokufa. Askari wa KWS akikukuta nalo, kusema kwamba umetoka Nairobi hakutakusaidia.

Nikirudi kwa konokono wetu, ziko njia mbili za kujua kama yu hai bila kumtesa. Chungulia mdomoni mwa gamba: ukiona kifuniko cha kahawia kimeziba, mwenyewe yumo. Au mwache pale pale alipo, mnyunyizie maji ya bahari kwa kiganja, kisha usubiri dakika kadhaa bila kumtia kivuli cha ghafla. Watoto wana subira kuliko tunavyodhani, hasa wakijua kwamba kuna kitu kitatoka. Ukiwa tayari umembandua, mrudishe kwenye ufa ule ule, upande wa kivuli, mdomo ukielekea jiwe. Kumtupa baharini si kumsaidia. Hapo umempeleka kwa wale wenye tundu la fundi.

Kuna tatizo jingine ambalo halitokani na watoto. Ukanda huu wa juu, kwa kuwa huonekana ni jiwe tupu lisilo na mwenyewe, ndio wa kwanza kufunikwa mtu anapojenga ukuta wa kuzuia bahari isile kiwanja chake. Nimetembea katika sehemu za ufuo wa kaskazini ambako kuta zimefuatana hata njia ya umma ya kuteremkia baharini huioni. Ni kweli konokono wengine huhamia ukutani na kuishi. Lakini saruji iliyopigwa plasta ikawa laini haina nyufa, na bila ufa hakuna kivuli mchana wala pa kujibanza wimbi likipiga. Mjenzi akiacha uso wa ukuta una mashimo na mawe yaliyotokeza, tayari amewapa wapangaji nafasi. Hilo halimgharimu chochote.

Mwanafunzi mmoja anaweza kuniuliza hapa: mbona konokono aliye katika kitabu cha biolojia si kama hawa? Ni kwa sababu vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya humchora ndugu yao wa huko, Littorina littorea, mwenye rangi ya kijivu iliyokolea na kimo cha sentimita 2 au 3, ambaye hayupo katika bahari yetu ya joto. Huyo Waingereza humchemsha, wakamtoa ndani ya gamba kwa pini na kumla, na kwa wakazi wa mashariki ya London kilikuwa kitoweo cha chai ya Jumapili. Ni msafiri pia. Mwaka wa 1840 alionekana Pictou, Nova Scotia, nchini Canada, na tangu hapo akaenea kusini katika pwani ya Marekani, mpaka leo ni miongoni mwa konokono walio wengi zaidi kwenye mawe ya huko. Wataalamu wengi wanaamini alipelekwa na meli za Wazungu, ama kwa makusudi kama chakula, ama pamoja na mawe ya kuupa merikebu uzito.

Wapandao miti

Ukimaliza majabali, bado hujawaona wote. Ukoo huu una tawi lililoacha mawe likapanda miti, na ili ulione itakubidi uvuke kivuko cha Likoni na kushika barabara ya Lunga Lunga. Kilomita 50 hivi kusini ya Mombasa, ukishaipita Ukunda, kuna kijiji cha Gazi. Wapenzi wa historia wanaijua Gazi kama makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka wa 1895 na 1896. Wapenzi wa miti wanaijua kwa mikoko yake. Kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko, na kwa ada ndogo mgeni hupita juu ya tope bila kuchafua viatu. Aidha, tangu mwaka wa 2013 wakazi wamekuwa wakiendesha mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayofungwa na miti hiyo. Mapato huenda katika maji na shule. Mwaka wa 2017 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa iitwayo Equator Prize.

Tembea polepole kwenye hizo mbao. Mbele kabisa, upande wa bahari, kuna mililana, kisha mikoko yenyewe yenye mizizi kama miguu ya buibui, na nyuma zaidi michu. Katika mashina na mizizi tafuta lile lile umbo la tone la maji uliloliona mwambani. Huyo ni Littoraria, na anayependa zaidi mashina na mizizi ni Littoraria scabra, mwenye michirizi ya kahawia kama gome. Sasa inua macho kwenye majani. Huko huishi Littoraria pallescens, na hapa ndipo watoto hupiga kelele: mmoja ni wa manjano kama ndimu iliyoiva, wa pili amekolea kahawia, wa tatu ana rangi ya waridi inayoelekea machungwa. Wote ni wa aina moja, na wanaweza kukaa kwenye mti mmoja.

Hawa wamepanda mti lakini hawajaiacha bahari. Jike wa Littoraria scabra hutunza mayai ndani ya mwili wake mpaka yaanguliwe, kisha akawaachilia watoto majini wakiwa wadogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Huelea huko na mikondo kabla ya kutafuta pwani ya kupanda. Yule unayemwona kwenye jani la Gazi si lazima awe mzaliwa wa Gazi.

Usimchanganye na majirani zake wawili. Yule mkubwa wa topeni, mrefu kuliko kidole cha shahada, mweusi na mzito, ni tondo. Akiwa mzima hula majani ya mikoko yaliyoanguka, na mara nyingi utakuta wengi wamezunguka jani moja kama watu kwenye sinia la pilau. Wa pili ni mwembamba, mrefu, na kilele chake kimekatika kama penseli iliyovunjika ncha. Jina lake la kitaalamu ni Cerithidea decollata, na hilo neno la pili maana yake ni aliyekatwa kichwa. Hupenda michu. Maji yakipwa huteremka kula topeni, na maji yakikaribia hupanda shina. Watafiti waliomchunguza katika hori ya Mida, karibu na Watamu, waliona kwamba huanza kupanda kabla maji hayajafika chini ya mti. Hangoji kulowa ndipo ajue.

Hili waweza kulijaribu mwenyewe na wanao. Siku za bamvua huku kwetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, kwa hivyo fika Gazi saa tatu, ukiwa na kofia na maji ya kunywa. Chagua mchu mmoja ulio karibu na njia ya mbao. Mpe mtoto kalamu na karatasi, ahesabu konokono walio kwenye shina na walio topeni pembeni yake, kisha mwende mkawatafute wa manjano majanini. Mnamo saa nane, wakati tope bado ni kavu na maji unayasikia tu kwa mbali yakiingia mizizini, rudini kwenye mchu ule ule mhesabu tena.